Anne Caldwell: kutoka kutia lahani Broadway hadi skripti za filamu. Orodha ya kazi zake isomwe vipi?

MwanaKibokoni

Assalam aleikum wanabaraza.

Kikundi chetu cha maigizo hapa Mombasa kimeniachia nusu saa nimzungumzie Anne Caldwell, yule Mmarekani aliyeanza kwa kutunga muziki wa michezo ya jukwaani akamalizia kwenye filamu. Kila nikifungua orodha ya kazi zake nachanganyikiwa. Mwaka 1907 ametajwa kwenye muziki. 1912 yuko kwenye hadithi, 1914 kwenye hadithi na maneno ya nyimbo, 1930 kwenye skripti, na 1933 kuna filamu inayosema imetokana na mchezo wake. Ni mtu yule yule? Na hii habari kwamba alitunga muziki na Jerome Kern, mtia lahani wa Broadway, ina ukweli?

La pili ni la vitendo. Mchezo wetu wenyewe una nyimbo 11 na huchukua dakika 90 jukwaani. Tunataka kutoa filamu fupi ya dakika 25. Wenzangu wanasema tuchague nyimbo tano tamu kuliko zote, tuziunganishe kwa mazungumzo, kazi imekwisha. Mimi naona kuna kasoro hapo ila sijui niieleze vipi. Caldwell na wenzake walifanyaje walipohama?

---

Kinanda_Ganjoni

Wa aleikum salam. Ni mtu mmoja na orodha yako haina makosa. Unachanganyikiwa kwa sababu unaisoma kama vyeo, kwamba leo ni mtunzi, kesho ni mwandishi. Isome kama mgao wa kazi. Mchezo wa Broadway (mtaa wa majumba ya maigizo New York) wa zama zile ulikuwa na mafungu matatu, kila moja na mwenyewe: hadithi pamoja na mazungumzo (wao huliita fungu hili "kitabu"), maneno ya nyimbo, na lahani. Wapenzi wa taarab hutakuwa na haja ya kuwaeleza sana, wanajua mwenye shairi na aliyelitia lahani wanaweza kuwa watu wawili.

Caldwell alizaliwa Boston 1867 akaingia jukwaani kwanza kama mwimbaji. Mumewe, James O'Dea, alikuwa mwandishi wa maneno ya nyimbo. Maneno ya "Hiawatha" ya 1903 ni yake. Basi mchezo wa kuanzia mazungumzo yako ni "The Top o' th' World" wa 1907: hadithi ya Mark Swan, maneno ya O'Dea, muziki wa Manuel Klein na Caldwell. Hapo kweli ni mtunzi wa muziki.

Sasa tazama 1912, "The Lady of the Slipper", kisa cha Cinderella. Lahani ni za Victor Herbert, na penye Herbert hakuna mwengine wa kugusa muziki. Maneno ni ya O'Dea. Fungu lililobaki ni hadithi, na ndilo Caldwell alilolishika pamoja na Lawrence McCarty. Aprili 1914 O'Dea akafariki. Oktoba mwaka huo huo ikafunguliwa "Chin-Chin" kwenye jumba la Globe la mtayarishaji Charles Dillingham, muziki wa Ivan Caryll, ikaonyeshwa mara 295. Humo jina la Caldwell liko kwenye hadithi (na R. H. Burnside) na pia kwenye maneno ya nyimbo (na O'Dea, ambaye keshazikwa). Tangu hapo akabeba mafungu mawili kwa kawaida. Ukiziweka tarehe hizi nne ubaoni kwa mstari, hadhira itaona yenyewe kwamba mama huyu alikuwa akiziba pengo lililo wazi.

Kuhusu Kern: hapana. Walifanya kazi pamoja sana, "She's a Good Fellow" 1919, "The Night Boat" 1920, "Good Morning Dearie" 1921, "Stepping Stones" 1923, lakini lahani ni za Kern na Caldwell ni hadithi na maneno. Anayesema "alitunga na Kern" amechanganya kutunga shairi na kutunga lahani, kosa ambalo Kiswahili chetu kinalirahisisha mno kwa kuwa neno ni moja.

Kama ukumbi wenu una kinanda, usiache "Ka-lu-a" kutoka "Good Morning Dearie". Maneno ni ya Caldwell. Chini ya lahani Kern aliweka besi ya noti nane zinazojaza baa mbili (vipimo viwili vya mapigo), inarudi tena na tena, inapanda na kushuka tu kufuata lahani inavyogeuka. Besi hiyo ilikuwa imeshasikika kwenye wimbo "Dardanella" wa 1919. Mchapishaji wake, Fred Fisher, akaenda mahakamani, na mwaka 1924 Jaji Learned Hand akaamua kwamba hata kama Kern hakukusudia, yaani sikio lilihifadhi na mkono ukatoa, bado ni kunakili. Fidia ilikuwa dola 250, kiwango cha chini kabisa cha sheria yao. Piga besi peke yake kwa mkono wa kushoto, baa mbili mara nne, halafu ingiza lahani ya "Dardanella", halafu ya "Ka-lu-a". Dakika tatu hazifiki na watu wataelewa kesi nzima. Usianze na lahani ya juu, kwa sababu juu hazifanani na utabaki kueleza.

---

BintiTononoka

Mbona mnamzungusha mwenzetu? Caldwell ndiye aliyeandika skripti ya "Flying Down to Rio", filamu iliyowakutanisha Fred Astaire na Ginger Rogers mara ya kwanza. Anzia hapo, 1933, kila mtu anaijua, halafu urudi nyuma.

---

Kinanda_Ganjoni

Dada Tononoka, taratibu. Skripti ya filamu ile ina majina matatu: Cyril Hume, H. W. Hanemann na Erwin Gelsey. Caldwell ametajwa kama mwenye mchezo ambao filamu imetolewa, na mchezo wenyewe umesimama juu ya kisa cha Louis Brock, aliyekuwa mtayarishaji pale RKO, studio ya filamu ya Hollywood. Kwa hiyo kuna ngazi tatu, kisa, mchezo, skripti, na yeye yuko ngazi ya kati. Maneno ya nyimbo zake pia si yake, ni ya Edward Eliscu na Gus Kahn. Lahani ni za Vincent Youmans, na hapo ndipo penye utamu, maana Youmans na Caldwell walishafanya "Oh, Please!" Broadway mwaka 1926, ile yenye "I Know That You Know".

Ukitaka filamu ambayo mkono wake unaonekana, kuna mbili za 1930, zote za RKO. "Dixiana": kisa ni chake, maneno ya nyimbo nyingi ni yake, lahani za Harry Tierney, na mwelekezi Luther Reed ndiye aliyekigeuza kisa kuwa filamu. Na "Half Shot at Sunrise", ambamo jina lake liko kwenye skripti pamoja na Ralph Spence, na liko tena kwenye maneno ya nyimbo alizotia lahani huyo huyo Tierney. Hiyo ya pili ndiyo ya kumwonyesha mtu anayeuliza "skripti yake iko wapi".

---

PaziaLaTatu

Nyote mmesema kweli, ila swali la pili la Mwana Kibokoni halijaguswa na ndilo lenye nyama. Jibu lake limo ndani ya kazi ya Caldwell mwenyewe, kabla hajaiona kamera.

Chin-Chin iliandikwa kwa ajili ya watu wawili, David Montgomery na Fred Stone, wachekeshaji waliopata jina kwenye "The Wizard of Oz" ya jukwaani ya 1903. Montgomery alikufa 1917, na Caldwell akaendelea kumwandikia Stone peke yake: "Jack O'Lantern" mwaka huo, "Tip Top" 1920, kisha "Stepping Stones", ambamo binti yake Dorothy alitokea. Stone alikuwa mwanasarakasi, mrusha kamba, mtu wa kubadilisha sura na nguo. Mwandishi wake haanzi na hadithi. Anaanza na hesabu: Stone atatokea na vituko vingapi, kila kimoja kinataka vazi gani, na vazi hilo linavaliwa kwa dakika ngapi nyuma ya pazia.

Dakika hizo nani anazijaza? Wimbo. Pazia la kitambaa lililochorwa linashushwa karibu na ukingo wa jukwaa, vijana wawili wapenzi wanasimama mbele yake wanaimba, na nyuma mafundi wanabomoa chumba na kusimamisha bustani. Nyundo zisikike vipi na bendi inapiga? Hadhira inadhani inasikiliza mapenzi, kumbe inasubiri seremala.

Kwa hiyo wimbo wa jukwaani ulikuwa na kazi tatu ambazo hazihusiani na hadithi hata kidogo. Kuficha mabadiliko ya mandhari. Kumpa mwigizaji nafasi ya kubadili nguo. Na kurudiwa watu wakipiga makofi, maana urudiaji ndio uliouza karatasi za nyimbo mlangoni. Sisi tunalijua hili kwa sura nyengine: wimbo wa taarab hurefuka kadiri watu wanavyoinuka kutunza. Ndiyo maana pia wimbo wa mtu mwengine kabisa ungeweza kuingizwa katikati bila mchezo kuanguka. "It's a Long Way to Tipperary", wimbo wa Waingereza, uliingizwa kwenye Chin-Chin na haukuwa na uhusiano wowote na kisa cha mchezo, taa ya Aladin.

Sasa lete kamera. Mandhari hubadilika kwa mkasi. Nguo hubadilishwa kesho yake. Makofi hayasikiki na rili (gurudumu la ukanda wa filamu) haisimami. Kazi zote tatu zimekufa kwa mpigo, na wimbo uliokuwa ukiishi kwa kazi hizo unabaki umesimama pale kama mgeni asiyeambiwa aketi.

Fanya hesabu ya zama zao uone ukubwa wa tatizo. Filamu ya sauti inakwenda picha 24 kwa sekunde, na kwenye ukanda wa milimita 35 futi moja ina picha 16, yaani futi 90 kwa dakika. Wimbo wa kawaida wa Broadway una utangulizi wa baa 16 na kibwagizo cha baa 32. Kwa mapigo 120 kwa dakika na mapigo manne kila baa, utangulizi ni sekunde 32 na kibwagizo ni sekunde 64. Imba utangulizi mara moja na kibwagizo mara mbili: sekunde 160, futi 240, karibu robo ya rili ya futi 1,000. Ongeza marudio mawili ya jukwaani na umefika sekunde 288. Nyimbo kumi za namna hiyo ni dakika 48, na hakuna aliyefungua mlango wala kutongozwa.

Ndicho kilichozipata filamu nyingi za 1930. RKO walikuwa wamepata faida kubwa na "Rio Rita" ya 1929, wakaita timu ile ile: Reed, Tierney, Bebe Daniels, wachekeshaji Wheeler na Woolsey, mwisho wa rangi kama ule ule. Kilichotoka ni "Dixiana", na kufikia hapo watazamaji walikuwa wameshachoshwa na nyimbo zinazoingia bila kubisha hodi. Ikapata hasara. Sasa linganisha na "Half Shot at Sunrise", waandishi wakiwa ndani ya jumba lile lile mwaka ule ule: Wheeler na Woolsey ni wanajeshi watoro Paris, wanafukuzwa mwanzo hadi mwisho, na nyimbo ni chache mno. Mtu aliyezoea kuupima mchezo kwa saa, dakika hizi za nguo, dakika hizi za pazia, ndiye anayejua upesi kipi kitolewe wakati nguo na pazia hazipo. Kwa maoni yangu hapo ndipo utunzi wake wa muziki ulipomfaa kwenye skripti, zaidi ya maneno matamu.

Basi turudi kwenu. Nyimbo tano kwa dakika nne nne ni dakika 20. Mmebakiwa na dakika tano za hadithi. Hiyo ndiyo kasoro uliyokuwa ukiinusa.

Chukua karatasi, andika nyimbo zote 11 kwenda chini. Pembeni mwa kila mmoja jibu mambo mawili: nyuma ya pazia kulikuwa kukifanyika nini wakati ukiimbwa, na nani amebadilika wimbo ukiisha, ameahidi, amegundua, amekosana na mtu. Ambao una jibu la kwanza tu, ondoa hata kama ndio mtamu kuliko yote. Wenzako watalia, waache walie. Ambao una jibu la pili, usome maneno yake kwa sauti ya kawaida kama mazungumzo, bila lahani. Ukikuta ubeti wa kwanza unasema jambo na beti tatu zinazofuata zinalipamba tu, filamu inahitaji ubeti wa kwanza na kibwagizo.

Kwa dakika 25 mimi ningeweka wimbo mmoja mzima wa sekunde 150, miwili ya sekunde 90, na kipande cha 40 mwishoni. Jumla dakika sita na sekunde kumi. Msisahau kupunguza vipande vya ala vya kufungulia. Bashrafu jukwaani huwatuliza watu vitini, kwenye filamu fupi humfanya mtu ashike simu.

---

MwanaKibokoni

Shukran sana, hasa Pazia. Nimepiga hesabu usiku: kati ya nyimbo zetu 11, saba zilikuwa za kubadilisha mandhari. Saba! Na skripti ya majaribio tuliyoandika ina kurasa 25, tukaambiwa ukurasa ni dakika. Hiyo kanuni inasimama kukiwa na nyimbo?

---

PaziaLaTatu

Haisimami. Kanuni ya ukurasa kwa dakika imejengwa juu ya mazungumzo na vitendo. Wimbo wa beti nne za mishororo minne ni mistari 16 tu, haufiki nusu ukurasa, na ukiimbwa unaweza kula dakika nne. Kurasa zenu 25 zikiwa na nyimbo tano ni filamu ya dakika 40 na zaidi. Andikeni sekunde za kila wimbo ukingoni mwa ukurasa, zilizopimwa kwa saa mtu akiimba kweli, si kwa kukisia. Kisha toeni mistari ya nyimbo kwenye hesabu ya kurasa, mjumlishe sekunde mbali.

Na msiuandike wimbo kama tonge moja. Baada ya kila mishororo miwili andikeni kinachoonekana: anafunga sanduku, anatazama dirishani, baba anaingia. Msipopata cha kuandika kwa mishororo minane mfululizo, wimbo huo bado uko jukwaani.

---

FundiSauti_Likoni

Naongeza la kurekodi, maana hapa ndipo filamu za nyimbo huharibika hata skripti ikiwa safi.

Msirekodi uimbaji mbele ya kamera. Hili nalo ni la zama za Caldwell: mwaka 1929, kwenye "The Broadway Melody" ya studio ya MGM, dansi ya "The Wedding of the Painted Doll" ilipigwa picha upya bila maikrofoni, wachezaji wakifuata sauti iliyokwisha rekodiwa. Sababu yao ni yenu pia. Picha ikirudiwa mara sita na kila mara mwimbaji anaimba upya, mwendo wa mara ya kwanza na wa sita haulingani, na mhariri hawezi kukata kutoka mmoja kwenda mwengine.

Rekodini wimbo kwanza ndani ya chumba, kwa mwendo uliofungwa na mashine ya mapigo, sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde tangu mwanzo hadi mwisho. Mkichanganya na 44,100 na programu ikaisoma faili bila kuigeuza, wimbo unapungua kasi kwa asilimia 8 na sauti inashuka karibu nusu-toni moja na nusu. Wimbo wa dakika tatu unazidi kwa sekunde 16. Wengi hulaumu mdomo wa mwimbaji kumbe ni tarakimu kwenye menyu.

Mwanzoni mwa faili wekeni milio minne ya kuhesabia kabla ya baa ya kwanza, na mlio mmoja mkali sekunde mbili kabla yake. Spika iwe karibu na mwimbaji, si karibu na kamera. Mwimbaji aimbe kwa sauti kamili, asitikise midomo tu. Shingo na mbavu za mtu asiyeimba huonekana. Kamera nayo irekodi sauti mbovu ya spika, hiyo ndiyo mtakayolinganishia mlio mkali wakati wa kuhariri.

Kamera iwekwe picha 25 kwa sekunde na shata (muda wa kuingiza mwanga kwa kila picha) sekunde 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni mizunguko 50 na taa za mirija na baadhi ya balbu za LED hucheza vibaya kwa 24 au 30. Mkitumia simu, tumieni programu inayofunga idadi ya picha. Simu nyingi hubadilisha idadi hiyo zenyewe mwangaza ukipungua, na midomo huanza kuachana na maneno kwenye dakika ya pili, ukirekebisha mwanzo mwisho unaharibika.

Mazungumzo ndiyo mtakayorekodi papo hapo, na Mji wa Kale una ratiba yake. Angalieni nyakati za adhana za siku hiyo, misikiti ya pale haianzi sekunde moja, kwa hivyo acheni dakika kumi kamili. Ukuta wa bahari karibu na Fort Jesus wakati wa kusi hautaki kifuniko cha sponji peke yake kwenye maikrofoni, tafuteni cha manyoya, la sivyo mtasikia mgurumo chini ya kila neno na hauondoki kwa kuchuja.

---

BintiTononoka

Nimekubali kosa la Rio. Ila swali: akicheza vipande vya filamu hizo na nyimbo hizo mbele ya watu hapa, hadaiwi haki za mtu?

---

HatiNaHaki

Inategemea kipande, na kwa bahati mbaya kile mlichokuwa mkikipigania ndicho chenye mzigo.

Kenya, kazi ya mwandishi au mtunzi hulindwa maisha yake na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Ikiwa wametunga kwa pamoja, huhesabiwa kwa aliyekufa mwisho. Caldwell alikufa 1936, kwa hivyo yake ilikwisha na mwaka 1986. Kern alikufa 1945, Caryll 1921, Tierney 1965. "Ka-lu-a", na nyimbo za Chin-Chin na "Dixiana" alizoandika yeye ziko huru hapa, pigeni kinanda mtakavyo. Lakini Edward Eliscu wa "Flying Down to Rio" aliishi hadi 1998. Maneno yake kwenye nyimbo zile yanalindwa Kenya hadi mwisho wa 2048. Mkitaka kuuimba mmoja wapo mbele ya hadhira, leseni inatafutwa kwa shirika la kukusanya mirabaha lenye kibali cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Filamu yenyewe kama kazi ya picha na sauti ni miaka 50 tangu itolewe, kwa hiyo za 1930 na 1933 zimepita. Hilo halikuondolei Bodi ya Kuainisha Filamu: kuonyesha filamu kwa umma kunataka cheti chake, iwe ya zamani iwe mpya. Na ukirekodi mazungumzo yako ukayapandisha mtandaoni, umetoka kwenye sheria ya Kenya peke yake. Mitambo ya kule hutambua rekodi na kukufungia, hata kama lahani iko huru. Pigeni wenyewe kinanda badala ya kuweka rekodi ya mtu, tatizo hilo linapungua sana.

Kuna jambo moja mngeweza kulitia kwenye mazungumzo, linahusu pesa za Caldwell. ASCAP, chama cha Marekani cha kudai malipo nyimbo zikipigwa hadharani, kilianzishwa New York 1914, na yeye alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo, mmoja wa wanawake wachache. Mchezo ukifungwa, hadithi haimlipi tena mwandishi, ila wimbo uliobaki ukipigwa hotelini huendelea kumlipa. Mtu mwenye majina mawili kwenye mchezo mmoja, hadithi na maneno, ana mifuko miwili. Nanyi kwenye filamu yenu andikeni mafungu haya mbali mbali kwenye mkataba na kwenye majina ya mwisho: kisa cha nani, skripti ya nani, maneno ya nani, lahani ya nani, nani amerekodi. "Imetungwa na kikundi" ndiyo chanzo cha ugomvi siku filamu ikinunuliwa.

---

Kinanda_Ganjoni

Hili la pesa linaeleza pia kwa nini alihamia filamu wakati ule na si mwengine. Mchezo wake mkubwa wa mwisho kwa Dillingham, "Three Cheers" wa 1928, uliandikwa kwa ajili ya Fred Stone na bintiye. Agosti Stone akaanguka na ndege aliyokuwa akiiendesha, akavunjika vibaya, na rafiki yake Will Rogers akaingia badala yake. Rogers si mwanasarakasi, ni mtu wa kusimama na kusema, kwa hivyo nafasi zote zilizopimwa kwa ajili ya vituko zikawa za mazungumzo. Mwaka uliofuata soko la hisa la New York likaporomoka, na Hollywood, iliyokuwa imejifunza kusema juzi tu, ilikuwa ikitafuta watu wanaojua wimbo unaingia wapi. RKO yenyewe iliundwa Oktoba 1928.

Mwana Kibokoni, kwa nusu saa usizidishe vituo vinne: 1907, 1914, "Ka-lu-a" kwenye kinanda, na "Half Shot at Sunrise". Rio itaje kwa sentensi mbili watu wakiuliza. Watauliza.

---

MwanaKibokoni

Nimepata. Kinanda kipo, noti ya chini ya A haitoi sauti ila naona besi ya "Dardanella" naweza kuipandisha. Orodha ya nyimbo zetu tumeipunguza hadi nne, ya tano bado inagombaniwa na mwenye sauti yake.